Ndugu yako anataka kumleta mkewe Marekani: mwongozo kamili kwa anayemsaidia

Kila ukoo ulioko ughaibuni una mtu wake wa makaratasi. Barua ya bima ikija anapigiwa yeye, fomu ya shule ikija anapigiwa yeye, na mdogo wake akirudi kutoka Mombasa simu imejaa picha za harusi, anapigiwa yeye vilevile: "Dada, nataka nimuombee mke wangu aje. Unisaidie." Kama wewe ndiye dada huyo, au kaka, au mjomba, haya yameandikwa kwa ajili yako. Nimechukua mfano wa mume aliyeko Marekani na mke aliyeko Kenya. Mke akiwa ndiye aliyetangulia Marekani, utaratibu ni uleule.

Lishike jambo moja kabla ya yote. Kesi hizi haziharibiki sana kwa kisanduku kilichorukwa kwenye fomu, hicho hurekebishika. Huharibika kwa karatasi mbili zinazopingana. Fomu ya leo inasema hivi, fomu ya miaka kumi iliyopita ilisema vile, na afisa ana zote mbili mezani. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuuliza. Kuandika kunafuata.

Kalamu yako, kesi yake

Anayeomba ni mdogo wako, anayeombewa ni mkewe. Wewe si sehemu ya kesi hiyo. Akaunti ya kwenye tovuti ya uhamiaji (USCIS) ifunguliwe kwa barua pepe yake na simu yake, hata kama ni wewe unayebofya. Siku mkigombana, au wewe ukisafiri, barua za kesi zisiwe zinaingia kwenye simu yako peke yako. Fomu ina sehemu ya mtu aliyeijaza kwa niaba ya mwombaji: andika jina lako humo na usaini. Si aibu na si kosa kumjazia ndugu. Kosa ni kujificha.

Kutoa ushauri wa kisheria ni jambo jingine. Hiyo ni kazi ya wakili, au ya mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, ambao wengi wao hufanya kazi kwenye mashirika ya misaada kwa bei nafuu. Yule bwana wa mtaani anayejaza fomu za watu wote kwa dola mia tatu na kusema ana mtu ndani ya ubalozi, mkimbieni.

Mkalishe chini umuulize

Fanyeni hivi mkiwa wawili tu. Mama asiwepo, shemeji asiwepo, na simu isiwe kwenye spika. Majibu mengine hayasemeki mbele za watu.

Anza na hili: karatasi zako mwenyewe ulizipataje, na siku ile ulisema una mke au huna? Aliyeingia kwa bahati nasibu ya viza alitakiwa kumtaja mke na watoto wake wote, hata kama hawakuwa na mpango wa kusafiri naye. Wapo walioambiwa wajaze kwamba hawajaoa ili mambo yawe mepesi, ilhali mke yuko Kilifi na cheti cha ndoa kipo kabatini. Mtu huyo akimwombea mke kwa cheti hichohicho anajishtaki mwenyewe, na kadi yake ya kijani, yaani kibali chake cha kuishi Marekani kwa kudumu, iko hatarini pamoja na kesi ya mke. Ni hivyo hivyo kwa aliyeombewa na mzazi mwenye kadi ya kijani kama mtoto asiyeoa, kumbe alishaoa kabla ya kusafiri. Ukisikia jibu la namna hii weka kalamu chini na mwende kwa wakili kabla ya kutuma chochote. Mficha uchi hazai, lakini kuufunua bila daktari nako kuna madhara yake.

Kama aliingia kama mkimbizi, na hapa nawasemea hasa Wakongomani, Warundi na Wasomali, uliza ni lini. Kuna fomu nyingine kabisa, I-730, isiyo na ada. Inamhusu mke ambaye ndoa yake ilikuwepo kabla ya mume kuingia Marekani, na inatakiwa iwasilishwe ndani ya miaka 2 tangu aingie. Watu wengi hulipa mamia ya dola kwa njia ndefu huku njia ya bure ilikuwa wazi mlangoni mwao.

Swali linalofuata: uliwahi kuoa kabla? Kila ndoa ya nyuma, yake na ya mkewe, lazima iwe imekwisha kisheria kabla ya harusi hii, na iwe na karatasi. Talaka ya mdomo mbele ya wazee haitawasaidia. Kwa Waislamu wa Kenya tafuteni cheti cha talaka kutoka Mahakama ya Kadhi. Kwa wengine, hukumu ya mahakama iliyokamilika. Linganisha tarehe. Kama talaka ilitoka baada ya harusi mpya, harusi mpya haihesabiki, na hamna njia ila kufunga ndoa upya na kuanza kesi kwa cheti kipya. Aliyepata kadi ya kijani kupitia ndoa ya kwanza, akaachana na kuoa tena, ajue pia kwamba akiwa bado hajawa raia, miaka 5 ya mwanzo ana mzigo mzito wa kuthibitisha kwamba ndoa ile ya kwanza ilikuwa ya kweli.

Wake wawili? Dini inaruhusu, mila inaruhusu, sheria ya Kenya inaruhusu. Uhamiaji wa Marekani unamtambua wa kwanza tu. Wa pili haombeki.

Na la mwisho, ambalo Pwani linatukuta mara nyingi: siku ya nikaha ulikuwepo? Ndoa iliyofungwa kwa wakala, au kwa simu, bwana harusi akiwa Minneapolis na bibi harusi Likoni, kwa sheria ya uhamiaji si ndoa mpaka wawili hao wawe wamekutana kimwili baada ya kufungishwa. Kuishi pamoja kabla ya nikaha hakuhesabiki. Kwa hiyo mume apande ndege, akae na mkewe, na ahifadhi mihuri ya pasipoti, tiketi na risiti za hoteli. Zile ndoa za mtandaoni zinazofungwa kupitia ofisi za Marekani nazo ziko chini ya kanuni hii.

Raia au mwenye kadi ya kijani?

Mke wa raia hana foleni ya namba. Petisheni, yaani lile ombi la mume kwa uhamiaji (fomu I-130), ikikubaliwa na karatasi zikikamilika, anapangiwa usaili. Mke wa mwenye kadi ya kijani yuko kwenye kundi linaloitwa F2A, ambalo lina idadi maalumu ya viza kila mwaka, na lazima mfuatilie Taarifa ya Viza inayotolewa kila mwezi mpaka tarehe yenu ifikiwe.

Tofauti kubwa iko kwa watoto, na hapa ndipo familia nyingi hunaswa. Kwa mwenye kadi ya kijani, watoto wa mke walio chini ya miaka 21 na hawajaoa wanaingia kwenye petisheni ya mama yao. Kwa raia hawaingii: kila mtoto anahitaji I-130 yake na ada yake. Mtoto wa kambo anaombewa ikiwa ndoa ilifungwa kabla hajafika miaka 18. Sasa fikiria mdogo wako alianza kesi akiwa na kadi, akaapishwa uraia katikati, akafurahi kwamba mke amerukishwa foleni. Kweli amerukishwa, lakini watoto wamebaki nje. Siku hiyohiyo ya kiapo fungueni petisheni za watoto.

Kabla hamjalipa hata senti moja, angalieni uraia wa anayeombewa kwenye travel.state.gov. Amri ya rais ya Juni 2025 iliweka vizuizi vya viza kwa Warundi, na ya Desemba 2025 ikawaongeza Watanzania. Petisheni unaweza kuiwasilisha, ila uamuzi au viza vinaweza kukwama, na mambo haya hubadilika kwa tangazo moja. Mke mwenye pasipoti mbili, aseme mapema.

Cheti cha ndoa, na vita vya majina

Mahari yamelipwa, mbuzi wamechinjwa, wazee wa pande mbili wamekula, na bado mbele ya afisa hakuna ndoa mpaka cheti cha serikali kiwepo. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inatambua ndoa za kimila sawa na za kanisani, za Kiislamu, za Kihindu na za serikali, lakini inataka zisajiliwe. Wale wa njoo-tukae, muda wa kwenda kwa msajili ni sasa. Kwa upande wa Tanzania, cheti kinachotakiwa ni kile kilichosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili. Karatasi ya msikitini au kanisani peke yake haifiki.

Kisha kaa na karatasi zote mezani, kalamu nyekundu mkononi, usome majina tu. Tuseme cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaisha Juma Bakari. Kitambulisho kinasema Mwanaisha Juma. Pasipoti inasema Mwanaisha Bakari Juma. Cheti cha ndoa, kadhi alivyosikia, kinasema Mwanaishi. Kwetu huyo ni mtu mmoja na kila mtu mtaani anamjua. Kwa mashine ya kulinganisha majina ni watu wanne. Rekebisha kinachorekebishika kwenye ofisi iliyokitoa, ukianza na cheti cha ndoa na pasipoti, kisha yaliyobaki yafanyie kiapo mbele ya wakili, na kwenye fomu kuna mahali pa kuandika majina mengine yote aliyowahi kutumia. Yaandike yote. Tarehe ya kuzaliwa ichunguze vivyo hivyo, hasa kwa waliosajiliwa ukubwani. Cheti kilichotolewa miaka mingi baada ya kuzaliwa kiambatanishwe na karatasi za zamani, kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au rekodi ya shule ya msingi.

Karatasi isiyo ya Kiingereza itafsiriwe yote mpaka muhuri, na mtafsiri aandike chini kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, jina, saini na tarehe. Si lazima awe wa kampuni. Naona ni vizuri asiwe mwombaji mwenyewe.

Kuonyesha kwamba ni ndoa ya kweli

Afisa anatafuta maisha ya watu wawili. Picha mia mbili za siku moja ya harusi hazimwonyeshi maisha. Chagueni chache zinazotembea na muda: mlipojuana, uchumba, nikaha, safari ya mwaka uliofuata, akiwa na mama mkwe jikoni. Andika chini ya kila moja mahali, mwaka na nani ni nani.

Kitu chenye nguvu kuliko picha ni pesa. Taarifa ya M-Pesa ya miezi mingi, risiti za kutuma pesa kutoka Marekani, kodi ya nyumba anayolipiwa mke, karo. Ongeza tiketi, mihuri ya pasipoti, na kurasa kadhaa za orodha ya simu na mazungumzo ya WhatsApp kutoka miezi tofauti. Msitume maongezi ya usiku. Afisa hahitaji, na shemeji yako hatakushukuru ukiyasoma. Kama umri wenu, dini au lugha vimeachana sana, au mlioana baada ya kukutana mara moja, ongeza viapo vya ndugu wa pande mbili vinavyoeleza walichokiona kwa macho yao.

Ndoa ya kutafutia karatasi, ikithibitika, humfungia aliyeombewa milango ya kuombewa tena na mtu yeyote. Haina muda wa kuisha. Ukihisi mdogo wako analipwa, jitoe.

Kutuma I-130

Fomu ni I-130, pamoja na I-130A yenye habari za mke: anwani zake na kazi zake za miaka 5, na wazazi wake. Mke akiwa nje ya Marekani, I-130A lazima ijazwe lakini saini yake si lazima. Ambatanisha uthibitisho wa uraia au kadi ya mume, cheti cha ndoa, karatasi za talaka zote, picha ya pasipoti ya kila mmoja, na ule ushahidi. Kwa jedwali la ada lililoanza Aprili 2024, mtandaoni ni dola 625 na kwa karatasi ni dola 675. Nenda mtandaoni. Ni nafuu, na unaona kila hatua.

Pale fomu inapouliza mke ataombea viza wapi, andika mji na nchi ya ubalozi, yaani Nairobi, Kenya. Usijaze kana kwamba ataombea kadi akiwa tayari ndani ya Marekani, maana faili litakaa mahali litakapokosa wa kulitazama.

Risiti ikija, hifadhini namba yake. Zikiombwa karatasi za ziada, jibuni mara moja tu, na vitu vyote kwa pamoja, kabla ya tarehe iliyoandikwa. Muda huo hauongezwi. Huku mkisubiri, mke asiende kuomba viza ya utalii akisema hana mtu Marekani. Akiulizwa, aseme ukweli.

Pesa na mdhamini

Petisheni ikikubaliwa, faili linahamia Kituo cha Taifa cha Viza kule New Hampshire. Mtapata namba mpya inayoanza na NRB, ambayo ndiyo Nairobi. Hapo mnalipa dola 325 za ombi la viza na dola 120 za kukaguliwa udhamini, mke anajaza DS-260, fomu ya ombi la viza, na mume anajaza I-864, fomu ya udhamini. Msiache mwaka mzima upite bila kuingia kwenye akaunti hiyo, kesi isije ikafungwa.

I-864 ndiyo inayowatoa watu jasho. Mume anaahidi kisheria kumtunza mke, na kipato chake kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kulingana na idadi ya watu wa nyumbani. Kwa viwango vya 2025 kwenye majimbo 48 ya bara, nyumba ya watu wawili ilitaka dola 26,437 kwa mwaka. Kama mume ana watoto wawili anaoishi nao, mke ni wa nne, na kiwango kilipanda hadi dola 40,187.

Sasa tazama dereva wa lori au wa teksi ya programu anayejitegemea. Kwa mwaka ameingiza dola elfu tisini. Mtu wa kodi amemtolea mafuta, matairi, bima na simu, na kwenye fomu ya kodi kipato kimebaki elfu kumi na nane. Alifurahia wakati wa kodi. Kituo cha viza kitasoma ile elfu kumi na nane. Ndiyo maana suala hili linaulizwa mwaka mmoja kabla, na si siku ya kujaza I-864: afaili kodi kwa ukweli wote, na asiyefaili kabisa aanze na madeni hayo.

Kipato kisipotosha, ndugu anayeishi naye nyumba moja anaweza kuunganisha chake kwa I-864A. Ama anatafutwa mdhamini mwenza, raia au mwenye kadi ya kijani anayeishi Marekani. Macho yote yatakugeukia wewe. Fikiri kabla ya kusema ndiyo. Ahadi hiyo inadumu mpaka mke awe raia, au afikishe robo mwaka 40 za kazi, karibu miaka kumi, au aondoke Marekani moja kwa moja na kuacha kadi, au afariki. Wakiachana, haikatiki. Kukataa kwa heshima ni ruhusa: "Mdogo wangu, makaratasi nitakusaidia mpaka mwisho, udhamini tumuombe mtu mwingine."

Nairobi

Mke atahitaji cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi ya Kenya, kinachoombwa kupitia eCitizen na kufuatiwa na alama za vidole. Na hapa kuna jambo linalowachelewesha dada zetu wengi: kama aliwahi kukaa Saudia, Dubai, Qatar au Oman kwa mwaka mmoja au zaidi baada ya miaka 16, anaweza kutakiwa kuleta cheti cha polisi cha huko pia. Kukipata kutoka Kenya huchukua muda, basi aanze mapema, na kwanza aangalie orodha ya nyaraka za kila nchi kwenye travel.state.gov. Kazi hiyo ya Ghuba iandikwe kwenye DS-260 hata kama aliondoka vibaya.

Uchunguzi wa afya unafanywa na daktari aliyeidhinishwa na ubalozi pekee, kabla ya usaili. Aende na kadi zake za chanjo.

Usaili uko ubalozini Gigiri na mke huingia peke yake. Abebe vyeti halisi, si kopi. Kama Kiingereza chake kinayumba, aombe Kiswahili badala ya kuitikia asichokielewa. Ataulizwa mlivyojuana, nani walikuja harusini, mume anafanya kazi gani, aliwahi kuoa, anaishi na nani. Usimkaririshe majibu. Mfanye asome tu fomu zilizotumwa kwa jina lake, maana mara nyingi ni wewe na mdogo wako mlizijaza na yeye hajawahi kuziona. Asilolijua aseme halijui. Akipewa karatasi ya kifungu 221(g), mara nyingi maana yake ni kwamba kuna kitu kimepungua: mlete kilichotajwa humo.

Viza ikitoka

Asome viza hapohapo, herufi kwa herufi, na atazame tarehe ya mwisho kuingia. Alipe dola 235 za kutengenezewa kadi kabla ya kusafiri. Kwa mtandao, toka mwanzo mpaka hapa, ada za serikali zimefika dola 1,305 bila daktari, vyeti na nauli. Akihama nyumba baada ya kufika, uhamiaji ujulishwe ndani ya siku 10, na aliyemdhamini naye anatoa taarifa akihama, ndani ya siku 30.

Akiingia ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2, kadi yake itakuwa ya miaka 2 tu, yenye masharti. Ndani ya siku 90 kabla haijaisha, wawili hao wanawasilisha I-751, fomu ya kuondoa masharti hayo, kwa pamoja. Weka tarehe hiyo kwenye simu zenu tatu siku kadi inapofika, na lile folda la ushahidi msilifute: safari hii litahitaji mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, akaunti ya benki ya pamoja, bima, na fomu za kodi walizofaili kama mke na mume.